Benchi Refu la Mama Taratibu

Baada ya miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku kumi na moja ya utumishi, Mama Taratibu wa chumba namba tatu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Hizo siku nimezihesabu mwenyewe. Ukikaa ukuta mmoja na mtu unayemwonea wivu, siku zake unazijua kuliko zako.

Nikiri mapema, maana kamati ya sherehe iliponipa kazi ya kuandika wasifu huu haikuuliza, na mimi sikusema. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika chumba namba nne, mlango unaofuata wa kwake. Kwa miaka hiyo yote nimekuwa na kijicho naye. Si cha kupita kama mafua. Ni cha kudumu, chenye ratiba, na asubuhi nyingi kimefika kazini kabla yangu. Kwa hiyo msomaji akikuta sifa humu, azipokee kwa uhakika, kwani kila moja imenitoka kwa shida.

Alianza hapa hospitalini akiwa muuguzi wa wodi ya mifupa, binti wa miaka ishirini na tisa, mwembamba, asiyependa kukimbia. Katika wodi ile aliwaona watu ambao mifupa yao ilikwisha kuunga, picha zao za eksrei ni safi kabisa, lakini wanalala wakiuma shuka kwa maumivu. Madaktari waliwaambia wamepona, waende nyumbani. Wenzake wengi waliona kazi imekwisha. Yeye alikataa kukubali kwamba mtu anayelia amepona. Miaka miwili baadaye akaomba ruhusa, akaenda kusomea tiba ya sindano, ile inayoitwa akupancha, akarudi na cheti, boksi la sindano nyembamba kama unywele, na mkao wa mtu aliyekwisha kuamua.

Alichekwa. Wapo waliosema ameenda kujifunza ushonaji. Daktari mkuu wa wakati ule, ambaye hakutaka kugombana naye wala kumpa nafasi, alimpa stoo ya mashuka mwisho wa korido. Stoo hiyo ilikuwa na dirisha moja, kubwa, linaloangalia bustani. Leo ndicho chumba kizuri kuliko vyote katika jengo letu. Mimi nilipofika miaka mingi baadaye nilipewa cha pembeni yake, ambacho dirisha lake linatazama tangi la maji. Nayasema haya ili watu wajue nilianzia wapi.

Jina lake la nyaraka wengi tumelisahau. Mgonjwa akiingia na kutaka kujitupa kitandani ili apone haraka, alikuwa akimshika kiwiko na kusema, "Taratibu, baba. Taratibu, mama." Likawa ndilo jina. Hata barua ya kustaafu ilimfikia ikiwa imeandikwa hivyo kwenye bahasha, na hakuna aliyeirudisha masijala.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu usiobadilika. Kabla ya kumgusa mtu alimwuliza maswali matatu: unalala vipi, unakula na nani, na ni kazi gani ukiifanya maumivu yanaamka. Akishajibiwa, alimpa karatasi yenye picha ya mwili wa binadamu, mbele na nyuma, pamoja na penseli nyekundu, na kumwambia apake panapouma. Watu wazima na heshima zao walikaa kwenye kiti wakipaka rangi. Kila juma walipaka upya, na karatasi ziliwekwa kabatini kwa mfuatano, mpaka mtu aone mwenyewe wekundu unavyopungua, au usivyopungua.

Ndipo zilipokuja sindano. Alizihesabu kwa sauti zikiingia na kwa sauti zikitoka, na kwa miaka yote hiyo hesabu haikuwahi kupishana hata mara moja. Katikati ya hapo hakutoka chumbani. Alivuta kiti akakaa na mgonjwa dakika zote, wakati mwingine bila neno. Mfanyabiashara mmoja aliwahi kuniambia kwamba zile dakika ishirini ndizo pekee katika juma lake ambazo hakuna aliyemtaka kitu.

Wala hakudai miujiza. Aliyekuja mguu umelegea ghafla, au mkojo hautoki, hakumchoma hata sindano moja. Alimshika mkono na kumpeleka mwenyewe kwa daktari. Kuna waliotoka kwake kama walivyoingia, na hao aliwaambia ukweli bila kuzunguka. Wengi hata hivyo walipata nafuu, na nafuu hiyo haikutoka kwenye sindano peke yake. Alimfundisha mtu kulala, kutembea, kukanda shingo kwa maji ya moto, kukataa mzigo usio wake. Kuna mjane aliyekuja na bega lililoganda, akaulizwa swali la pili, unakula na nani, akalia nusu saa. Sindano siku hiyo hazikutoka kwenye boksi. Alirudi juma la pili akiwa na dada yake, na mkono ukiinuka mpaka sikioni.

Niliyasikia hayo yote kupitia ukutani. Ukuta wetu ni mwembamba, na tofauti ya vyumba ilikuwa hii: chumbani kwangu watu walipiga kelele, chumbani kwake walikoroma. Dereva wa malori mmoja alikoroma na sindano kumi na sita mgongoni mpaka mgonjwa niliyekuwa namnyoosha goti akaniuliza kama naye anaweza kuhamia huko.

Sasa nije kwenye benchi.

Nje ya chumba namba tatu kuna benchi refu la mbao linaloketisha watu tisa, na kwa kawaida lilikuwa na kumi na mmoja. Nje ya chumba changu kuna benchi la watu watatu, ambalo mara nyingi lilikaliwa na mikoba ya watu wa benchi refu. Mwaka wangu wa nne, asubuhi moja kabla watu hawajafika, nililisukuma benchi lake mpaka likawa linatazamana na mlango wangu. Nilidhani macho ya watu yakizoea mlango, miguu itafuata. Walipofika walilitazama benchi, wakanitazama mimi, wakaenda kusimama mbele ya mlango wake. Mama Taratibu akatoka, akaniambia ahsante sana jirani, pale chini palikuwa hapajapigwa deki tangu Krismasi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hiyo nilijitembeza na benchi zima.

Kilichoniuma zaidi ni fundi cherehani. Mama huyo nilimhudumia majuma tisa kwa ajili ya shingo. Alifanya mazoezi yangu kwa bidii, na shingo ilikuwa imeanza kugeuka. Juma la kumi akapelekwa namba tatu, akachomwa mara tatu, akapona. Akashona pazia la maua, akalileta mwenyewe, akalitundika kwenye lile dirisha, akatangaza korido nzima, "Shingo hii nimerudishiwa na Mama Taratibu!" Majuma tisa yangu hayakutajwa. Nami hata angenikumbuka, pazia la nini mbele ya tangi la maji?

Kwa haki, Mama Taratibu alimjibu palepale kwamba shamba lilikuwa limekwisha kulimwa na jirani, yeye alikuja kuvuna tu. Nilisikia. Sikutaka kusikia. Vilevile kila juma alinitumia wagonjwa wenye kikaratasi kilichoandikwa, "Mpeleke kwa jirani, mikono yake ni mizuri." Niliviona vikaratasi hivyo kuwa makombo. Nilivitupa. Leo ningetoa kitu kikubwa kupata hata kimoja.

Maana ile mikono mizuri ilianza kuniasi. Miaka miwili iliyopita shingo ilikaza, bega la kulia likaanza kuwaka, kisha moto ukashuka mkononi na kuishia kwenye kidole gumba, ambacho kikafa ganzi. Mtu wa kazi yangu asiye na kidole gumba ni kama mpishi asiye na ulimi. Siku moja nilikuwa nimeinua mguu wa fundi seremala, ukaniponyoka ukaanguka kitandani. Yeye alicheka. Mimi nilikwenda chooni nikajifungia. Nina miaka hamsini na mbili, sina ujuzi mwingine, na kama mkono ukikataa kabisa nitarudi nyumbani kabla ya wakati.

Nilijaribu kujitibu. Kinyozi hajinyoi, lakini nilishika wembe hivyohivyo, nikajinyoosha mbele ya kioo mpaka nikaongeza maumivu. Mke wangu alisema kila siku, "Si uende hapo jirani? Ni ukuta tu." Nikamweleza kwamba kwenda huko ni kukaa kwenye benchi lile, mbele ya watu ninaowatibu, mbele ya watu walionikimbia, nikisubiri kuitwa. Akasema, "Mume wangu, kiburi hakichuliwi."

Basi nikafanya ujanja. Nikavuka mji mzima kwenda zahanati moja ya watu binafsi ambako nilisikia kuna mtaalamu wa sindano. Kwenye fomu, palipoandikwa kazi, nikajaza "mkulima". Nikaingia, nikataka kujitupa kitandani yaishe. Dada wa watu akanishika kiwiko. "Taratibu, baba," akasema.

Nilijua palepale kwamba nimekimbia mvua nikaangukia mtoni. Alikuwa mwanafunzi wa Mama Taratibu. Yakaja maswali matatu. Ikaja karatasi, ikaja penseli nyekundu. Nikapaka, nikamrudishia, nikalala kifudifudi kama mkulima.

Nilikwenda mara nne, na sitasema uongo, vidole vilianza kuamka. Mara ya tano, akinitoa sindano, yule dada alisema kwamba mwalimu wake angeuona mkono huu angefanya vizuri zaidi, yuko hospitali kubwa, chumba namba tatu, anapendwa mno. Nilivaa shati langu. Sikurudi tena. Niliona afadhali ganzi kuliko kuzisikia sifa zile nikiwa nimelala bila nguo.

Majuma machache baadaye mambo ya ajabu yalianza kazini. Nilifika asubuhi nikakuta kitanda changu cha kuchulia kimeinuliwa, kila mguu umewekewa kigogo cha mbao kilichochongwa vizuri. Mama Taratibu alikuwa amemwomba yule seremala avitengeneze. Nilikasirika. Niliona amemaliza kutawala korido, sasa anaingia mpaka chini ya kitanda changu. Niliandika barua ya malalamiko kwa utawala, ukurasa mmoja na nusu, na ipo kwenye faili kwa anayetaka kuisoma. Vigogo hata hivyo sikuvitoa, kwa kuwa nilipoacha kuinama bega lilipunguza makali.

Kisha akaanza kuja kila siku saa nne na vikombe viwili vya chai. Husema, "Kaa, jirani," na haondoki mpaka nikae na kikombe kiishe. Niliamini anakuja kuangalia benchi langu lina watu wangapi. Nilikunywa chai yake kwa miezi minane nikiwa nimenuna.

Jumatatu mbili zilizopita aliniomba nimsaidie kupanga kabati, kwa sababu amezoea kuomba na mimi sijawahi kupata namna ya kukataa. Tulitoa karatasi za miaka yote, maelfu ya miili, wekundu wa kila umbo. Katika bunda la mwaka jana nikakutana na moja isiyo na jina. Niliitambua kabla sijaigeuza. Nyuma yake, kwa mwandiko wake wa duara, palikuwa pameandikwa: "Jirani. Kitanda kiinuliwe. Akae kila siku saa nne. Asiulizwe, atakuja mwenyewe."

Alikuwa ameshaniona nimeishika. Alinieleza huku akifunga bunda jingine kwa uzi. Wanafunzi wake humletea karatasi za wagonjwa wagumu kuomba ushauri, na huwa wameficha majina, kama inavyotakiwa, wakaacha kazi ya mgonjwa tu. Jina hakulihitaji. "Mgonjwa ukimpa penseli anapaka kama mtoto anavyopaka jua," akasema. "Huyu amepita na mshipa wa fahamu kutoka shingoni, begani, mkononi, mpaka kwenye gumba, hakutoka nje ya mstari, na vishale akaweka. Mkulima gani huyo, jirani?" Akacheka mpaka akakaa.

Mimi sikucheka. Ilikuwa inafaa kusema ahsante, na neno lilikuwepo, lakini wivu ulikuwa umekaa mlangoni. Maana tazameni mambo haya. Mtu niliyemsukumia benchi alinitibu miezi minane bila kunigusa, akamezea barua ya malalamiko, na akaitunza siri yangu vizuri kuliko nilivyoitunza mimi. Hata katika kuugua kwangu alinishinda kazi. Nimewahi kumwonea wivu kwa dirisha, kwa pazia, kwa benchi na kwa jina. Sikujua kwamba siku moja nitamwonea wivu kwa roho yake. Huo ndio mkali kuliko yote, na hauna zoezi.

Alifungua daftari lake la miadi, akaligeuzia upande wangu. Ukurasa wa Ijumaa hii ulikuwa umejaa kuanzia asubuhi, isipokuwa mstari mmoja wa mwisho, saa nane mchana. Akasema mstari huo ameuruka tangu alipoanza kuandika ukurasa, na wamekuja watu watatu kuuomba. Akaniwekea kalamu juu yake. Nikamjibu kwamba nitaangalia ratiba yangu. Ratiba yangu, mimi wa benchi la mikoba! Akasema sawa, taratibu.

Siku kumi nilikaa na neno hilo. Kila saa nne alikuja na chai, na kila saa nne hakuuliza. Jana kikombe kilinitoka mkononi kikavunjika sakafuni, na nilipoinama kuokota vipande, gumba langu halikuhisi hata ukali wa kigae. Yeye alihisi kwa niaba yangu, nilimwona usoni. Nikaomba daftari. Nimeandika jina langu kamili kwa mkono wa kushoto, mwandiko mbaya kama wa darasa la kwanza, na mbele yake, palipo na nafasi ya kazi, sikuandika mkulima.

Yaliyobaki ni ya kawaida katika wasifu, na yote ni ya kweli. Amewafundisha wataalamu kumi na wanne wa sindano, na mmoja wao, yule dada wa zahanati, ndiye atakayechukua chumba namba tatu kuanzia Jumatatu. Dirisha, kwa hiyo, limenipita tena, na nimeshaanza kumwonea wivu huyo mrithi. Nimeomba kitu kimoja tu kutoka chumba kile, na nimepewa: penseli nyekundu, iliyobaki fupi kama njiti. Wagonjwa wangu watapaka.

Mama Taratibu, kwa niaba ya wenzako wote wa jengo hili, tunakushukuru kwa kila sindano iliyoingia na kila iliyotoka. Umetuonyesha kwamba mtu hapimwi kwa picha ya eksrei peke yake. Uendako tunakuombea majibu mazuri ya maswali yako matatu: usingizi mrefu usio na kengele, meza yenye watu unaowapenda, na kazi isiyoamsha maumivu yoyote.

Tangazo moja la mwisho. Sherehe itaanza saa tisa na nusu, siyo saa nane na nusu kama kamati ilivyotangaza kwanza. Mliponiuliza kwa nini nimeomba isogezwe, nilisema ni sababu za kiufundi. Nilidanganya. Kuanzia saa nane kasorobo nitakuwa nimekaa kwenye benchi refu la chumba namba tatu, mwisho wa foleni, na atakayepita aniamkie kwa sauti ya kawaida tu. Nasubiri kuitwa.